Joto kali katika sherehe za nje

Joto kali katika sherehe za nje ni hatari ya kiafya inayowakabili watu wanaokusanyika kwa saa nyingi mahali pa wazi wakati wa majira ya joto: katika gwaride, tamasha la muziki, maandamano ya sikukuu, mbio za barabarani, ibada ya uwanjani au karamu ya jumuiya bustanini. Madhara yake huanzia vipele na kuzirai, nayo yanaweza kufikia kiharusi cha joto, ugonjwa unaoweza kuua ndani ya saa chache hata kijana mwenye afya njema.

Vifo vya namna hii huhesabiwa miongoni mwa vile vinavyozuilika. Sehemu kubwa ya kinga hutegemea maamuzi yanayofanyika kabla ya siku yenyewe, kama vile saa ya kuanza, kivuli na maji. Mtu akiisha kuanguka, kinachoamua uhai wake kwa kiasi kikubwa ni kama alipozwa mwili palepale au alisubiri gari la wagonjwa.

Majira yanayohusika

Katika nchi za kaskazini ya dunia majira ya joto ni hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Nchini India kipindi kikali ni Machi hadi Juni, kabla ya mvua za masika ya huko. Kusini ya dunia, kwa mfano Brazil na Afrika Kusini, ni Desemba hadi Februari.

Neno "kiangazi" linahitaji uangalifu hapa. Katika Afrika Mashariki kiangazi ni wakati wa ukavu, si lazima wakati wa joto. Julai ya Dodoma au Iringa ni kiangazi, lakini usiku watu hujifunika blanketi. Pwani ya Kenya na Tanzania joto huja na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, pamoja na unyevu mwingi hewani. Sikukuu kadhaa huangukia humo: Jamhuri ya Kenya (12 Desemba), Mapinduzi ya Zanzibar (12 Januari), Krismasi na mwaka mpya, bila kutaja harusi.

Kwa Waswahili na wasemaji wengine wa Kiswahili walioko ng'ambo hali ni kinyume. Siku za uhuru wa Kongo (30 Juni), Rwanda na Burundi (1 Julai) zinaangukia mwanzo wa majira ya joto ya Ulaya na Marekani Kaskazini, siku chache tu kabla ya sikukuu ya taifa ya Marekani, 4 Julai. Mtu aliyekulia Bukavu au Bujumbura, miji ya hali ya hewa ya wastani, anaweza kudhani kwamba kuzaliwa Afrika kunamkinga na joto la Texas au Arizona. Hakumkingi. Mwili huzoea joto unaloishi nalo sasa, si lile la asili ya mtu.

Jinsi mwili unavyojipoza

Joto la ndani la mwili ni takriban nyuzi 37 za sentigredi. (Nyuzi zote katika makala hii ni za sentigredi.) Mtu aliyeketi kimya huzalisha joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 100, akicheza ngoma, akipiga tarumbeta huku anatembea, au akikimbia, kiasi hicho huongezeka mara kadhaa. Joto hilo ni lazima litoke.

Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto hutoka lenyewe. Ngozi ina takriban nyuzi 35 wakati wa joto, kwa hiyo hewa inapofikia kiwango hicho njia hiyo hufungwa, na hewa ikizidi hapo mwili huanza kupokea joto badala ya kulitoa. Linalobaki ni jasho. Lita 1 ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400, nishati inayotosha kuchemsha lita 7 hivi za maji ya bomba. Lakini ni lazima ligeuke mvuke. Jasho linalotiririka na kudondoka chini limepotea bure: mtu amepungukiwa na maji wala hakupoa. Ndiyo sababu unyevu wa hewa ni adui mkubwa, kwa kuwa hewa iliyojaa mvuke haipokei mwingine.

Wakati huohuo moyo unafanya kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ikapoe. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua na moyo hulazimika kwenda mbio zaidi. Vifo vingi vya siku za joto hutokana na moyo ulioshindwa mzigo huo, na kwenye cheti huandikwa ugonjwa wa moyo bila joto kutajwa.

Vipimo vya joto

Nyuzi zinazotangazwa redioni ni za hewa kivulini. Peke yake tarakimu hiyo haitoshi kwa mwandaaji wa sherehe. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama nyuzi 33 hivi. Nyuzi zilezile zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama 41. Hesabu hii huitwa kielezo cha joto. Nayo pia ni ya kivulini: idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuongeza hadi nyuzi 8 juu yake.

Kipimo bora zaidi kwa shughuli za nje ni kile kinachojulikana kwa herufi WBGT. Kilitokana na kazi ya kuzuia vifo vya askari wa Marekani waliokuwa wakifunzwa kwenye joto katika miaka ya 1950, na C. P. Yaglou na D. Minard walikichapisha mwaka 1957. Vipimajoto vitatu hutumika. Cha kwanza kimefungwa kitambaa kilicholowa, nacho huonyesha jinsi jasho linavyoweza kukauka. Cha pili kimo ndani ya tufe jeusi juani, nacho hupima mnururisho. Cha tatu ni cha kawaida, kivulini. Hesabu yake ni hii:

WBGT = (0.7 × kilicholowa) + (0.2 × tufe) + (0.1 × hewa)

Tuseme kilicholowa kinaonyesha 27, tufe 45, na hewa 32. Jibu ni 18.9 + 9.0 + 3.2, yaani 31.1. Madaktari wa michezo wa Marekani wanashauri mazoezi na mashindano yasitishwe kipimo hiki kinapozidi takriban 32. Mwanafunzi ataona kwamba kipimajoto kilicholowa kinabeba asilimia 70 ya hesabu, na hewa yenyewe asilimia 10 tu. Hivyo ndivyo unyevu unavyoheshimiwa na wanaolifahamu jambo hili.

Magonjwa ya joto

Vipele vya joto na kukakamaa kwa misuli husumbua lakini haviui. Vinatosha kuwa onyo.

Kuzirai kwa joto humpata mtu aliyesimama muda mrefu bila kutembea, kwa sababu damu hukusanyika miguuni na ubongo hupungukiwa. Askari kadhaa wa ulinzi wa kifalme wa Uingereza walianguka hivyo mjini London tarehe 10 Juni 2023, wakati wa mazoezi ya gwaride kwenye nyuzi 30 hivi, wakiwa wamevaa makoti mazito ya sufu na kofia za manyoya. Aliyezirai hivi akilazwa kivulini na kuinuliwa miguu huzinduka baada ya dakika chache na kujua yuko wapi.

Uchovu wa joto ni hatua nzito zaidi: jasho jingi, kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi iliyopauka, mapigo ya moyo ya haraka. Mgonjwa bado anajitambua na hujibu sawasawa. Aondolewe juani, alegezewe nguo, alowanishwe maji, anyweshwe polepole. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe kwa mganga.

Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani linapopita takriban nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuvurugika. Dalili kuu ni akili: mtu anaropoka, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anapata degedege au anapoteza fahamu. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba ngozi lazima iwe kavu. Si kweli kwa wote. Ngozi kavu ni ya kawaida kwa mzee aliyepatwa taratibu kwa siku mbili tatu. Kijana aliyeanguka akikimbia au akicheza mara nyingi amelowa jasho chapachapa. Anayesubiri ngozi ikauke ndipo aamini kuwa ni kiharusi cha joto amechelewa.

Jina lenyewe linaleta mkanganyiko. Kiharusi cha kawaida ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na mkono au upande wa uso hulegea. Kiharusi cha joto ni mwili mzima kuiva, kwa lugha ya wazi. Matibabu yake ni mengine kabisa, na hayasubiri hospitali.

Katika sherehe dalili hizi hujificha. Anayeyumba huchekwa kuwa amelewa. Anayeanguka kwenye ibada hudhaniwa ameguswa na roho au amepandisha mashetani, na kwenye muziki hudhaniwa amezidiwa na furaha. Kipimo cha haraka ni kumwuliza maswali matatu: jina lako nani, hapa ni wapi, leo ni siku gani? Akishindwa kujibu kwenye joto kali, achukuliwe kuwa na kiharusi cha joto mpaka ithibitike vingine.

Walio hatarini zaidi

Wazee hawahisi kiu upesi hata mwili ukiwa umepungukiwa maji, na jasho lao ni kidogo. Wagonjwa wa moyo, figo na kisukari wako karibu nao. Dawa nyingine huongeza hatari: zile za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili. Mgonjwa asiache dawa kwa kusoma makala; amwulize daktari wake kabla ya safari. Mwenye selimundu ajihadhari kwa namna ya pekee, maana upungufu wa maji unaweza kumletea maumivu makali ya ugonjwa wake.

Mtoto mchanga hawezi kuomba maji wala kujiondoa juani. Aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji matupu. Kumfunika kabisa kwa kanga mgongoni, au kutandaza shuka juu ya kigari chake, huonekana kama kumpa kivuli, kumbe hewa ya ndani husimama na kuchemka. Kumwacha ndani ya gari "dakika mbili tu" ni hatari kubwa kuliko zote: gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 au zaidi ndani ya dakika 10, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Kundi linalosahaulika ni watumishi wa sherehe: wapiga bendi waliovalia sare nzito, wapishi walio kando ya moto, walinzi, waliovaa vinyago na mavazi ya wanyama. Hao hawawezi kuondoka wanapojisikia vibaya, kwa kuwa wako kazini. Nchi za Ghuba, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi, zimeliona jambo hilo kisheria. Nchini Oman kazi za juani husimamishwa saa za adhuhuri, kuanzia 6:30 hadi 9:30 mchana, katika miezi ya Juni hadi Agosti.

Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto jipya. Kwa hiyo joto la kwanza la msimu ni baya kuliko lile la katikati yake, na mgeni aliyetua jana kutoka Njombe, Nairobi au Kigali yuko hatarini kuliko mwenyeji aliyesimama kando yake.

Matukio ya miaka ya karibuni

Tarehe 16 Aprili 2023 serikali ya jimbo la Maharashtra, India, iliandaa hafla ya kutoa tuzo kwenye uwanja wa wazi huko Kharghar, Navi Mumbai. Mamia ya maelfu ya watu walikuja, wengi wakiwa wamefika saa nyingi kabla. Hafla ilifanyika kuelekea adhuhuri, nyuzi zikiwa 38 hivi kwenye kituo cha karibu, na umati ulikaa juani. Watu zaidi ya 10 walikufa. Nyuzi 38 si ajabu kwa India ya Aprili. Lililoua ni saa iliyochaguliwa na kukosekana kwa kivuli.

Agosti mwaka uleule jambori la maskauti wa dunia lilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, kwenye ardhi iliyopatikana kwa kukausha bahari, isiyo na miti ya kutosha. Vijana takriban 43,000 walihudhuria. Nyuzi zilikaribia 35, na usiku wa sherehe ya ufunguzi pekee watu zaidi ya 100 walihitaji matibabu. Uingereza na Marekani ziliwaondoa vijana wao, na baadaye kambi nzima ikahamishwa kwa hofu ya kimbunga.

Tarehe 17 Novemba 2023 mjini Rio de Janeiro shabiki mwenye umri wa miaka 23 alifariki kwenye onyesho la mwimbaji Taylor Swift. Kielezo cha joto mjini siku hiyo kilikaribia 59. Watazamaji walikuwa wamezuiwa kuingia na chupa za maji. Kesho yake serikali ya Brazil iliagiza maji yaruhusiwe.

Hija ya mwaka 2024, ambayo ni ibada na si tamasha, inaonyesha upande mwingine. Makka ilifikia nyuzi 51.8 na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Asilimia 83 walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea mbali juani bila hema wala mahali pa kupumzika. Walioandikishwa walikuwa chini ya jua lilelile, ila walikuwa na mabasi na mahema yenye kipoza hewa. Kwa mwandishi wa makala hii, tarakimu hiyo moja inaeleza kuliko hotuba nyingi kwamba joto huua kwanza pale ambapo mpango haukumfikia mtu.

Ipo pia mifano ya busara. Mwaka 2018 mji wa Kyoto, Japani, ulifuta moja ya maandamano ya tamasha la kale la Gion, ambalo wengi wa washiriki wake ni watoto na wazee, kwa sababu ya joto. Mbio za marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo kaskazini, na ile ya wanawake, iliyoshindwa na Peres Jepchirchir wa Kenya tarehe 7 Agosti 2021, ikasogezwa mbele ianze saa 12 asubuhi badala ya saa 1. Lakini kusogeza saa si dawa ya kila kitu. Mwaka 2019 marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianza karibu saa 6 ya usiku mjini Doha. Jua halikuwepo, ila nyuzi zilizidi 30 na unyevu ulizidi asilimia 70. Wanariadha 68 walianza na 40 tu walimaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya Ruth Chepngetich.

Wajibu wa waandaaji

Jambo la kwanza ni saa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni jua ni kali, na hewa kwa kawaida hufikia kilele chake alasiri, baada ya jua kupita utosini. Sherehe iishe kabla, au ianze baada.

Katika Afrika Mashariki ratiba ina tatizo lake la pekee, nalo ni mgeni rasmi. Kadi husema saa 3. Wanafunzi hupangwa mistari tangu saa 2. Mgeni hufika saa 6, huku wageni waalikwa wakiwa chini ya turubai na watoto wa gwaride na kwaya wakiwa juani. Yeyote aliyewahi kuwa mwalimu wa zamu anajua kitakachofuata: mistari huanza kupungua, mmoja baada ya mwingine. Heshima kwa mgeni haihitaji hayo. Watoto wakae kivulini na kupangwa gari likiisha kuonekana. Kupanga mistari ya watoto waliofanya mazoezi huchukua dakika tano.

Kivuli kihesabiwe kwa umati, si kwa jukwaa. Mti mkubwa ni bora kuliko hema la plastiki lililofungwa pande zote, kwani chini ya mti hewa hupita. Hema liwe juu na pande zake wazi. Mabati bila dari hugeuka tanuri.

Maji yawe bure, yaonekane kwa mbali, na yasiwe na foleni ndefu. Anayezuia watu kuingia na maji kwa sababu za usalama au biashara anapaswa kuyatoa yeye ndani. Vyoo ni sehemu ya hesabu hii: pale vyoo vinapokuwa vichafu au mbali, wanawake wengi hujizuia kunywa maji makusudi tangu asubuhi.

Awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli, na mamlaka hayo yaandikwe kabla. Bila hivyo kila mmoja atamtazama mwenzake. Mahali pa huduma ya kwanza pawe na maji mengi, barafu, mataulo, feni, na chombo cha kumtosa mtu mzima: beseni kubwa, bwawa la plastiki la watoto, pipa lililokatwa kwa urefu au turubai imara. Njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi. Vibanda vya chipsi na magari ya wageni yasiifunge.

Kwa wahudhuriaji

Mtu aanze kunywa maji tangu asubuhi, kabla ya kiu. Wanaofanya kazi juani hushauriwa kikombe kimoja (takriban mililita 240) kila dakika 15 hadi 20. Kuzidisha nako kuna madhara: zaidi ya lita 1.5 kwa saa, kwa saa kadhaa, kunaweza kupunguza chumvi katika damu hadi kuleta degedege. Chakula cha kawaida hurudisha chumvi. Maji ya madafu ni mazuri. Pombe humkosesha mtu maji na pia humkosesha akili ya kutambua kwamba anaumwa. Mkojo wa rangi ya majani makavu ni sawa; ukifanana na chai ya rangi, kunywa na utoke juani.

Nguo ziwe pana, nyepesi na za pamba. Kanzu, kanga na kofia pana vilibuniwa na watu waliojua jua. Mwavuli si aibu kwa mwanamume.

Watu waende wawili wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake, kwa kuwa mwenye kiharusi cha joto hajitambui kwamba anaumwa. Feni ya umeme husaidia hewa ikiwa chini ya nyuzi 40. Juu ya hapo humpulizia mtu joto, labda awe amelowa maji.

Huduma ya kwanza ya kiharusi cha joto

Kanuni ya madaktari wa michezo ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Ubongo, ini na figo huharibika kadiri dakika zinavyopita juu ya nyuzi 40, na lengo ni kushuka chini ya 39 ndani ya nusu saa. Mmoja apige simu ya dharura (911 Marekani na Kanada, 112 Ulaya, pengine namba ya hospitali ya karibu iwe imeandikwa mapema), wengine waanze kazi bila kusubiri.

Njia ya haraka kuliko zote ni kumtosa mgonjwa kwenye maji ya baridi yenye barafu hadi shingoni. Mtu mmoja amshike kwa taulo lililopitishwa makwapani asizame, mwingine ayakoroge maji. Mwili hupoa takriban nyuzi 0.2 kila dakika, kwa hiyo kutoka 42 hadi 39 ni kama robo saa. Katika mbio za Falmouth, Massachusetts, zinazofanyika Agosti, wakimbiaji 274 walipatwa na kiharusi cha joto katika miaka 18 iliyochunguzwa. Walitoswa kwenye maji ya baridi palepale mwisho wa mbio, na wote walipona.

Pasipo beseni, mgonjwa alazwe ndani ya turubai, watu wanne au zaidi wainue kingo zake, na maji ya barafu yamwagwe ndani na kutikiswa. Pasipo barafu, amwagiwe maji yoyote yaliyopo mwili mzima mfululizo huku akipepewa kwa nguvu kwa vipepeo, maboksi au feni. Kanga zilizolowa zinafaa, ila zibadilishwe kila dakika mbili tatu, kwani kanga iliyopata joto la mwili huwa blanketi. Mifuko ya barafu huwekwa shingoni, makwapani na kwenye kinena, kama nyongeza. Kwa mzee dhaifu, maji na upepo mara nyingi huvumilika kuliko kutoswa. Njia hiyo ndiyo msingi wa vitanda vya kupozea mahujaji vya Makka, vilivyoelezwa na madaktari M. Khogali na J. S. Weiner mwaka 1980: maji hunyunyizwa mwilini kama ukungu huku hewa ikipulizwa juu yake.

Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu ili asipaliwe akitapika. Parasetamoli na aspirini hazifai, kwa kuwa hii si homa ya maambukizi, na zinaweza kuongeza madhara ya ini na ya kutoka damu. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hudanganya: chaweza kusoma 38 kwa mtu ambaye ndani ana 41. Bila kipimo cha ndani, upozaji uendelee mpaka mgonjwa aongee sawasawa au aanze kutetemeka kwa baridi.

Hata akisimama na kusema amepona, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Madhara ya ini, figo na misuli yanaweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa au macho yakiwa ya manjano, na kwa wiki kadhaa mwili wake hustahimili joto kwa shida kuliko kabla.